Klachi ya pikipiki inateleza mlimani hata baada ya kubadilisha pleti: tatizo liko wapi?

Mkulima wa Soni:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Nina pikipiki ya cc 150 yenye injini ya muundo wa CG wa Honda na gia tano, ambayo naitumia kushusha mboga na mapeasi hadi Mombo, na kupandisha mbolea na bidhaa za dukani wakati wa kurudi. Wanaoifahamu barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni wanajua kwamba ni mlima wa kona mfululizo, na pikipiki yenye mzigo haipati nafuu mpaka ifike juu. Tangu mwezi uliopita, nikiwa gia ya tatu au ya nne na mfuko wa mbolea wa kilo 50 nyuma, nikivuta resi injini inanguruma na mzunguko wake unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Nikirudisha resi kidogo inashika tena, na nikiidai nguvu inaachia. Kwenye tambarare bila mzigo inakwenda vizuri, kiasi kwamba mtu akiijaribu mtaani atasema ni nzima.

Fundi wa hapa kijijini alibadilisha pleti za klachi zote, akaweka oili mpya na kukaza waya wa klachi. Ilitulia kwa muda mfupi, kisha tatizo likarudi, na sasa nikifika juu nasikia harufu ya kitu kilichoungua. Fundi anasema pleti alizoweka zilikuwa bandia, hivyo ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha tena, naomba msaada wenu katika mambo mawili. Nitajuaje kwa hakika kwamba tatizo ni klachi na si kitu kingine? Na kama ni klachi, kwa nini pleti mpya zichoke mapema hivyo? Pikipiki ikilala, mboga zinaozea shambani, kwa hiyo naomba mnieleze bila kuacha kitu.

Fundi wa Makambako:

Pole sana ndugu Mkulima. Dalili ulizozieleza ni za klachi inayoteleza, lakini usiridhike na maneno yangu wala ya fundi wako kabla ya kuthibitisha mwenyewe, kwa sababu kuna hitilafu mbili ambazo watu wengi huzichanganya na hii. Ya kwanza ni sproketi iliyochongoka meno pamoja na cheni iliyolegea, ambayo huruka pale mzigo unapozidi. Hiyo hugonga, na mguu wako kwenye pedali utahisi mshtuko kila cheni inaporuka, ilhali klachi ikiteleza haigongi hata kidogo. Ya pili ni injini iliyopungua nguvu kwa sababu ya kabureta chafu, chujio la hewa lililoziba au kompresheni iliyoshuka. Hapo ukivuta resi injini haipandi mzunguko, bali inazama pamoja na mwendo. Kwako injini inapanda na mwendo unabaki nyuma, na hiyo ndiyo alama kubwa ya klachi.

Ili kuthibitisha, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, weka gia ya nne au ya tano katika mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, kisha fungua resi yote kwa mara moja. Klachi nzima itafanya sauti ya injini na mwendo viongezeke pamoja, tena polepole, kwa kuwa gia za juu haziongezi mwendo haraka. Klachi inayoteleza itafanya sauti iruke juu kana kwamba umeminya mkono wa klachi, huku pikipiki ikibaki na mwendo uleule. Kipimo hiki kinafaa zaidi kufanywa katika gia za juu kwa sababu humo injini hukaa muda mrefu ikisukuma kwa nguvu yake yote, na udhaifu mdogo ambao gia ya kwanza ingeuficha hujitokeza waziwazi. Usikirudie mara nyingi, maana kila sekunde ya kuteleza inaziunguza pleti.

Sasa nije kwenye jambo lililonishtua katika maelezo yako, nalo ni kwamba fundi alikaza waya. Mkono wa klachi lazima uwe na plei, yaani sehemu ya mwanzo ya mwendo wake ambapo waya haujaanza kuvuta kitu chochote. Pikipiki nyingi za ukubwa huu hutaka plei ya milimita 10 hadi 20 ikipimwa kwenye ncha ya mkono. Waya ukikazwa mpaka plei ikaisha, ni sawa na kuendesha huku umeminya klachi kidogo muda wote: springi zinasukuma pleti zishikane, waya unazizuia, na sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kubana pleti inaishia kwenye waya. Bila mzigo hutaona tofauti. Mlimani, pleti zinaachia.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawalijui. Pleti zikilika, plei haiongezeki bali inapungua. Pleti zikiwa nyembamba, ile pleti ya kukandamiza inasogea kuzifuata, na mfumo wa kusukumia unafuata mpaka unaugusa mkono wa kuachia ulioko kwenye injini. Kwa hiyo hata waya ambao haujaguswa na mtu unaweza kujikaza wenyewe kadiri miezi inavyokwenda, na klachi iliyokuwa imechakaa kidogo tu ikaanza kuteleza na kujimaliza kwa haraka.

Fanya hivi injini ikiwa baridi. Shika kwa vidole ule mkono mdogo wa chuma ulioko kwenye injini, pale waya unapoishia, na uone kama unacheza kidogo kabla ya kugota. Ukikuta umebana kabisa, legeza nati ya kurekebishia mpaka ucheze. Kisha kunja usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, ukiangalia kama plei inabadilika. Ikibadilika, waya umepita vibaya chini ya tangi au umekatika nyuzi ndani ya ganda lake. Ukishapanda mlima na injini ikapata moto, pima tena. Na tafadhali tafuta kopo la oili aliyoweka fundi, usome kila kilichoandikwa, utuletee hapa.

Bodaboda wa Uyole:

Fundi ameeleza vizuri. Mimi naendesha bodaboda huku Mbeya, ambako milima haiishi, na njia iliyotusaidia wengi kijiweni ni kuweka washa, yaani pete bapa ya chuma, chini ya kila springi ya klachi. Springi ikishachoka inakuwa fupi, washa inarudisha ule urefu uliopotea, na pleti zinabanwa upya. Gharama yake haifiki hata robo ya bei ya seti ya pleti, na kazi inakwisha kabla ya mchana. Ndugu yetu amesema mboga zinaoza. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, naona washa inaweza kumvusha mpaka spea nzuri zifike.

Mwalimu wa Karakana:

Namheshimu ndugu wa Uyole kwa sababu anasema alichokiona kwa macho yake: washa hurudisha mshiko, na mara nyingine pikipiki huenda hivyo kwa miezi. Hata hivyo sipendi ushauri huo uchukuliwe kuwa tiba, na naomba nieleze kwa nini, maana jambo hili linaua klachi nyingi.

Nguvu ambayo klachi inaweza kuipitisha bila kuteleza inategemea mambo manne: ukali wa msuguano kati ya pleti, nguvu ya springi, idadi ya nyuso zinazogusana, na umbali wa nyuso hizo kutoka katikati. Klachi yenye pleti tano za msuguano ina nyuso kumi zinazofanya kazi, kwa kuwa kila pleti inashika pande zote mbili. Mambo mawili ya mwisho yalipangwa kiwandani na hayabadiliki isipokuwa mtu asahau pleti moja mezani. Yanayobadilika ni springi na msuguano. Washa inaongeza nguvu ya springi peke yake. Kama kilichopotea ni msuguano, kwa sababu ya oili isiyofaa au pleti zilizoungua, washa haijaugusa ugonjwa, imesogeza tu mbele kidogo ile sehemu ya mlima ambapo kuteleza kutaanzia.

Madhara yake pia ni ya kweli. Mkono wa klachi unakuwa mzito, waya unavutwa kwa nguvu ambayo haukutengenezewa, na ile beringi ndogo inayosukuma klachi inapata kazi ya ziada kila unapobadilisha gia. Washa ikiwa nene, mizunguko ya springi inagotana kabla klachi haijafunguka sawasawa, na matokeo yake gia zinakwaruza na nyutro haipatikani ukiwa umesimama. Springi iliyofupika kuliko kiwango hutolewa, na hutolewa zote kwa pamoja, kwa sababu nguvu zikitofautiana pleti ya kukandamiza inakaa upande.

Sasa oili. Hapa ndipo ninapopashuku zaidi katika habari ya ndugu Mkulima, hasa kwa kuwa pleti zilikuwa mpya na oili iliwekwa siku hiyohiyo. Klachi za pikipiki hizi zinafanya kazi zikiwa zimelowa oili ileile inayolainisha injini na gia. Katika magari madogo klachi imetengwa na oili ya injini, kwa hiyo watengenezaji wa oili za magari wako huru kuongeza kemikali za kupunguza msuguano ili injini itumie mafuta kidogo. Kemikali hizo zikiingia kwenye pikipiki, zinajipaka juu ya pleti na kupunguza kitu kilekile ambacho klachi inakitegemea. Wajapani waliliona tatizo hili mapema wakaweka kiwango kiitwacho JASO T 903 mwaka 1998, kinachopima oili kwa namna inavyoshika kwenye klachi iliyolowa. Oili yenye alama ya MA inafaa klachi za namna hii. Tangu mwaka 2006 kundi hilo limegawanywa kuwa MA1 na MA2, na MA2 ndiyo yenye mshiko mkubwa zaidi. Oili yenye alama ya MB ina msuguano mdogo, na inakusudiwa skuta ambazo klachi yake haiogi ndani ya oili ya injini.

Kwa hiyo usiangalie tarakimu za unene peke yake. Ipo oili ya 10W-30 yenye alama ya MA ambayo ni nzuri kabisa kwa pikipiki, na ipo 10W-30 ya magari ambayo itaitelezesha klachi. Geuza kopo utafute vitu viwili. Cha kwanza ni alama ya JASO, ambayo kwa kawaida huwa ndani ya kisanduku kidogo. Cha pili ni nembo ya duara ya API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani: ikiwa nusu yake ya chini ina maneno Resource Conserving au Energy Conserving, oili hiyo imetengenezwa kuokoa mafuta ya gari, wala haikutengenezewa klachi yako. Vilevile usimwage ndani ya injini zile dawa za chupa ndogo zinazouzwa kwa ahadi ya kulainisha injini, kwani nyingi zina vitu hivyohivyo vya kupunguza msuguano.

Mkulima wa Soni:

Nawashukuru sana walimu wangu. Nimefanya yote kama mlivyoelekeza.

Cheni na sproketi ni nzima, hakuna kuruka wala kugonga. Kipimo cha gia ya nne kwenye tambarare kimeonyesha wazi: nilipofungua resi yote sauti ilipanda peke yake, mwendo ukabaki palepale. Kuhusu plei, ule mkono mdogo wa kwenye injini ulikuwa umebana kabisa, haukucheza hata kwa unywele. Nimeulegeza mpaka mkono wa kwenye usukani ukapata milimita 15 hivi. Nafuu niliyoipata ni kubwa kuliko nilivyotarajia, kwani sasa kona za chini naipanda bila shida, lakini ninapokaribia Soni injini ikiwa ya moto bado inaachia kidogo kwenye gia ya tatu.

Kopo la oili nimelipata. Ni 5W-30 ya magari madogo, halina alama yoyote ya JASO, na kwenye ile nembo ya duara maneno ya Resource Conserving yapo kama Mwalimu alivyosema. Fundi aliichagua kwa nia njema, kwa kuwa ilikuwa ya bei ya juu kuliko zote dukani na akaamini kwamba nitapata kilicho bora. Je, nikibadilisha oili tu inatosha, au lazima nifungue?

Fundi wa Makambako:

Vizuri sana, sasa tunaongea tukiwa na ushahidi mkononi. Kama isingekuwa ile harufu ya kuungua ningekwambia ubadilishe oili tu na kusubiri. Imwage injini ikiwa ya moto, weka ya pikipiki yenye alama ya MA au MA2 kwa unene ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, tembea mwendo mfupi bila mzigo, imwage tena na uweke nyingine, maana ile ya zamani haitoki yote mara ya kwanza. Pleti ambazo hazijaungua zinaweza kurudisha mshiko kwa njia hiyo. Lakini harufu imeshatoka, na pleti iliyochomwa haiponi kwa oili. Fungua.

Klachi iko upande wa kulia, nyuma ya kifuniko kikubwa ambako kiki inatokezea. Mwaga oili, toa pedali ya kiki, legeza waya, kisha fungua bolti za kifuniko. Bolti hizo hazina urefu sawa. Chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake, kwa sababu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itapasua aluminiamu, na hasara hiyo ni kubwa kuliko klachi yenyewe. Kifuniko kikigoma, kigonge taratibu kwa nyundo ya plastiki au kipini cha mbao. Usichomeke bisibisi kwenye kiungio, kwani mkwaruzo mmoja hapo utavujisha oili daima. Gasketi mpya uwe nayo tayari.

Ukishafungua utaona bolti nne zilizobana springi. Zilegeze kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, nusu mzunguko kila moja, ili pleti inayozishika isiinuke upande na kuvunja nguzo zake. Katika injini nyingi za muundo wa CG kutoa springi hakutoshi, kwa kuwa kitovu cha klachi kimezuiwa katikati na pete ya chuma inayofunguliwa kwa koleo lake maalumu, au kimezuiwa na nati ya duara yenye mapengo. Hapa ndipo mafundi wengi huchukua tindo na nyundo. Naomba umkataze fundi wako. Nati hiyo ina spana yake ya meno manne isiyo ya gharama kubwa, na tindo ikiteleza inaumiza mhimili na kutupa chembe za chuma ndani ya injini.

Pleti zitatoka pamoja na kitovu. Zipange mezani kwa mpangilio uleule zilivyotoka, na upime unene wa zile za msuguano kwa kalipa katika sehemu kadhaa za kila pleti. Kitabu chako ndicho mwamuzi, lakini katika injini nyingi za ukubwa huu pleti mpya huwa karibu milimita 3, na ikishuka hadi karibu 2.6 hutupwa. Unene ukiwa sawa bado uangalie uso wake. Uso mzima hauna mng'ao na una ukali kidogo chini ya kidole, ulioungua unang'aa kama kioo, ni mweusi na unanuka. Pima pia urefu wa springi zote na uzilinganishe na mpya.

Fundi wa Maua:

Ndugu zangu, nafuatilia kutoka Maua, Kaunti ya Meru, ambako pikipiki zetu hubeba miraa na ndizi kwenye miteremko ya Nyambene, kwa hiyo shida hii naiona karakana kila mara. Yote yaliyosemwa nayaunga mkono. Naongeza mambo ambayo mimi kama mwanamke niliyeanza kazi hii nikiwa muuza spea nimeyaona pande zote mbili za kaunta.

Ukienda kununua, nenda na pleti moja ya zamani, ya msuguano, na moja ya chuma. Usitaje jina la pikipiki pekee, kwani injini mbili zinazofanana kwa nje zaweza kuwa na pleti tano au sita, na meno ya pembeni yenye upana tofauti. Weka mpya juu ya ya zamani: meno yalingane, tundu la katikati lilingane, na mpya iwe nene zaidi. Kisha angalia vile vipande vya msuguano vilivyogundishwa juu ya aluminiamu. Kwenye pleti duni utaona gundi imefurika pembeni na vipande vimekaa kwa vimo tofauti. Ukikikwaruza kipande ukingoni kwa ukucha na kikaanza kuinuka, irudishe hapo hapo kaunta.

Jambo la pili ni uchafu. Pleti zilizoungua hazikutoweka, zilisagika na kuingia kwenye oili. Ukiweka klachi mpya bila kusafisha, unaacha unga ule uendelee kuzunguka. Injini hizi zina chujio la wavu la oili, na nyingi zina pia kile kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya kreki, yaani mhimili mkuu wa injini, kando ya klachi, ambacho hukusanya uchafu kwa nguvu ya mzunguko. Kifuniko kikiwa wazi kikombe kiko mbele ya macho yako. Fungua kifuniko chake, ukwangue tope utakalolikuta limegandamana ukutani, ukisafishe kwa petroli na kitambaa kisichotoa nyuzi.

La tatu, pleti mpya za msuguano zilazwe ndani ya oili safi usiku mzima kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu, dakika za kwanza za kazi zinaunguza uso wake kabla oili haijaingia, na mteja anarudi akisema umemuuzia bandia.

Mkulima wa Soni:

Tumefungua jana pamoja na fundi wangu, ambaye nimemsomea mazungumzo haya yote na ameyapokea kwa moyo mkunjufu. Pleti za msuguano unene wake bado ni milimita 2.9, yaani kwa kalipa ni mpya kabisa, lakini zote zinang'aa na mbili ni nyeusi pande zote. Springi mbili ni fupi kuliko nyingine mbili, tofauti inaonekana hata kwa macho zikisimamishwa juu ya meza. Ndani ya kile kikombe kulikuwa na tope la kijivu lililoshikamana kama udongo wa mfinyanzi.

Swali langu lililobaki ni kuhusu pleti za chuma. Hazina kitu cha kulika, na fundi anasema hazibadilishwi. Moja ina madoa ya rangi ya bluu. Je, nizirudishe?

Mwalimu wa Karakana:

Matokeo hayo yanaeleza kila kitu, ndugu Mkulima. Unene wa 2.9 unaonyesha kwamba pleti hazikulika, bali uso wake ulikufa: waya uliokazwa ulizinyima nguvu ya springi, springi mbili zilizochoka zikazidisha, na oili ikapunguza msuguano uliobaki. Mtu angezipima unene tu angeapa kwamba klachi ni nzima. Nisingekubali moja kwa moja kwamba zilikuwa bandia, maana hata pleti za kiwandani zingeungua katika mazingira hayo.

Pleti ya chuma hailiki sana, lakini hupinda. Doa la bluu ni alama kwamba chuma kilipata joto kali, na mara nyingi chuma kilichofika hapo hakikai tena bapa. Ilaze kila moja juu ya kioo cha dirisha kisicho na mchirizi, uisukume kwa kidole ukingoni pande zote, kisha ujaribu kupenyeza ukanda wa kupimia wa milimita 0.2 chini yake. Inayoyumba au inayopitisha ukanda huo hairudi. Ile ya bluu mimi ningeitupa hata kama imelala vizuri. Zilizo bapa lakini zinang'aa zisugue kidogo kwa msasa laini, kwa miduara, mpaka mng'ao uondoke, uzioshe, ndipo uzifunge. Ukizitazama ukingo kwa ukaribu utaona upande mmoja ni mkali na mwingine umeviringika kutokana na namna zilivyokatwa kiwandani. Zipange zote zikiangalia upande mmoja.

Wakati wa kufunga, hakikisha pleti ya kukandamiza imeingia kwenye meno ya kitovu kabla ya kukaza, kwa sababu ikikaa juu ya meno utaona bolti zinakaza huku pleti zikiwa hazijabanwa. Bolti za springi ni ndogo na zinatosheka na nyutoni-mita 10 hivi, kiasi ambacho mkono mmoja hutoa kwenye spana fupi bila kukunja uso. Zikazwe kwa msalaba kama zilivyofunguliwa.

Mkulima wa Soni:

Kazi imekamilika. Tumeweka pleti mpya zilizolala kwenye oili, springi nne mpya, pleti moja ya chuma, gasketi na oili ya 20W-50 yenye alama ya MA2, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Leo nimepanda na mifuko miwili ya mbolea. Kona zote, gia ya tatu, sauti na mwendo vimekwenda pamoja mpaka Soni, na nilipofika hapakuwa na harufu yoyote. Mkono wa klachi ni mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa.

Fundi wa Makambako:

Nimefurahi kwa ajili yako na fundi wako. Wiki hizi za kwanza pleti zinakaa mahali pake na plei itapungua, hivyo uipime kila asubuhi kabla ya kupiga kiki, na ikikaribia milimita 10 legeza nati ya juu kidogo. Nati hiyo ikifika mwisho wake, rekebisha kwa ile ya chini kwenye injini. Oili hii ya kwanza imwage mapema kuliko kawaida, kwa kuwa bado itakuwa inasomba mabaki ya zile pleti za zamani, na wavu wa chujio uutazame siku hiyo.